Uzi wa deilili: tazama majani kwanza, picha ya ua baadaye

MamaKitalu, Maryland

Wakuu, msimu wa katalogi umefika na swali ni lile lile: "Nimeona deilili ya zambarau yenye ukingo wa dhahabu, nichukue?" Halijibiki mpaka tujue unaishi wapi na mmea huo hufanya nini wakati wa baridi. Ndiyo maana naanzia kwenye majani.

Kwanza tusichanganye. Deilili si yungiyungi. Yungiyungi hutoka kwenye tunguu lenye magamba na bua lake lina majani toka chini hadi juu. Deilili haina tunguu. Ina mizizi minene kama vidole, mingine imevimba kama vihogo, yote ikitoka kwenye kitako kimoja kigumu. Majani yake marefu huchomoza hapo hapo kitakoni yakiwa yamejipanga pande mbili, mfano wa kipepeo cha mkono. Seti hiyo, yaani majani, kitako na mizizi yake, ndiyo tunaiita feni, na unaponunua deilili unanunua feni: moja, mbili au tatu. Kila ua huchanua siku moja tu. Jina la kisayansi, Hemerocallis, limeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya "siku" na "uzuri". Kwao asili ni Uchina, Korea na Japani, lakini kazi kubwa ya kuzalisha aina mpya imefanyika Marekani tangu siku za A. B. Stout wa bustani ya mimea ya New York. Aina zilizosajiliwa sasa zimepita 100,000. Msajili ni American Daylily Society, chama kilichoanzishwa 1946, na orodha yao unaweza kuitafuta mtandaoni kwa jina la aina.

Ukifungua ukurasa wa aina yoyote, tafuta herufi hizi kabla hujaitazama picha:

Dor: majani hufa kabisa baridi ikija, na kitako hubaki na kichipukizi chini ya udongo. Hizi ndizo za kulala.

Ev: majani hayakomi kuota mwaka mzima. Kwenye baridi kali ncha zinaungua, na chipukizi laini linaweza kuoza.

Sev: ziko katikati. Zinapunguza majani, haziyaachi yote.

Sasa usishike hii kama msahafu. Herufi inakwambia tabia ya majani, haikwambii mmea unavumilia baridi nyuzi ngapi. Kuna Ev zinazostahimili theluji na Dor zinazokufa kwa unyevu wa baridi. Lakini kama hujui lolote lingine kuhusu aina hiyo, herufi hizo ndizo kamari yako bora: panapoganda miezi mitano anza na Dor, pasipoganda kabisa anza na Ev.

Baada ya hapo tazama idadi ya matumba kwa kila bua. Watu wengi hawaigusi namba hii na ndiyo inayoamua utaona maua siku ngapi. Bua lenye matumba 10 linaisha kama siku kumi. Bua lenye matumba 25, kwa wastani wa ua moja kwa siku, linakupa zaidi ya wiki tatu. Kichaka cha mabua 8 yenye matumba 25 ni maua 200. Ua la sentimita 18 lenye matumba 9 kwa bua ni zuri kwenye picha, ila bustanini ni wiki moja na ushei.

---

Baridi_Kali, Minneapolis

Shukrani mama. Tuelekeze na sisi wa kaskazini. Nina kitanda cha maua cha mita 6 kwa mita 1.2 mbele ya nyumba, kinaangalia kusini, jua toka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Udongo mfinyanzi kiasi. Nataka rangi kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Nichukue aina ngapi na ngapi?

---

MamaKitalu, Maryland

Kaka, hesabu nafasi kwanza. Deilili za kawaida zinataka sentimita 45 hadi 60 kati ya mmea na mmea. Kwenye kitanda chako safu mbili za kupishana zinakupa mimea kama 22. Usinunue aina 22 tofauti, kitanda kitaonekana kama duka la mitumba. Chukua aina tano, mimea mitatu hadi mitano kila moja, iliyopandwa kwa vikundi.

Majira yameandikwa kwa herufi: E ni mapema, EM mapema-katikati, M katikati, ML katikati kuelekea mwisho, L mwisho. "Mapema" kwa Minneapolis si mapema ya Texas. Herufi zinapanga foleni, hazitaji tarehe. Chagua angalau moja kwa kila hatua ya foleni.

Kwa Minneapolis, za kulala zilizojaribiwa siku nyingi:

'Stella de Oro', iliyozalishwa na Walter Jablonski, 1975. Njano ya dhahabu, bua sentimita 28, ua sentimita 7. Inachanua, inapumzika, inachanua tena. Wapo wanaoidharau kwa sababu imejaa kwenye kila maegesho ya magari Marekani. Imejaa huko kwa sababu haifi. Mbele ya kitanda iweke hiyo.

'Happy Returns', ya Darrel Apps, 1986. Ni mtoto wa 'Stella de Oro', njano ya limau badala ya dhahabu, bua kama sentimita 45. Ukichukua hii unaweza kuiacha Stella. Zote mbili pamoja rangi zinagombana.

'Frans Hals', 1955. Petali za nje njano, za ndani rangi ya kutu na mstari wa njano katikati. Imezeeka lakini inaonekana toka barabarani.

'Chicago Apache', nyekundu iliyoiva, ya mwisho-mwisho. Kwa safu ya nyuma.

'Hyperion', ya miaka ya 1920, njano ya limau, ndefu, na inanukia. Harufu ndiyo sababu iko hai hadi leo kati ya maelfu.

Ukitaka kitu kirefu cha nyuma kabisa, 'Autumn Minaret' ya Stout, 1951: mabua yanapita mita moja na nusu na yanakuja wakati wengine wameshamaliza.

Jambo moja la rangi. Nyekundu na zambarau iliyokolea huchakaa juani. Kufika saa nane mchana petali inalegea na kuwa kama karatasi iliyolowa, na tone la mvua linaacha doa jeupe. Zipe upande wenye kivuli cha alasiri. Njano, pichi na cheupe-maziwa zinakaa juani siku nzima. Na zote zinataka walau saa 6 za jua. Chini ya hapo majani yanarefuka, mabua yanainama kufuata mwanga na matumba yanapungua.

---

JembeUma, Ohio

Naongezea upandaji, maana hapa ndipo watu wanapoua mmea wa dola 20 kwa sentimita 5 tu za udongo.

Mmea ukija kwa posta uko mtupu, hauna udongo. Loweka mizizi kwenye ndoo ya maji saa moja hadi mbili, usilaze usiku kucha. Kata mizizi iliyooza: inaonekana ya kahawia, ukiibinya inatoa maji na inanuka. Iliyo mizima ni migumu.

Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30. Changanya udongo uliotoa na mboji, theluthi moja mboji. Rudisha sehemu katikati ya shimo iwe kichuguu, kaza kwa mkono, kalisha kitako juu ya kichuguu na mizizi uiteremshe pande zote kama miguu ya pweza. Sasa angalia shingo ya feni: utaona mahali ambapo jani linatoka weupe kuwa kijani. Huo mstari ndio usawa wa udongo wa zamani. Urudishe hapo hapo. Kitako kisizame zaidi ya sentimita 2.5. Ukizika sentimita 7 mmea hautakufa mara moja. Utakaa miaka miwili unatoa majani bila ua, na wewe utalaumu mbolea.

Mwagilia kabla hujamaliza kujaza shimo ili udongo ushuke na mapengo ya hewa yaishe, halafu jaza. Baada ya hapo maji ya kina cha sentimita 2.5 kwa wiki, mvua ikiwemo. Matandazo ya sentimita 5, lakini yasiguse shingo ya mmea.

Kwa Minneapolis panda mwezi wa tano, au mwisho katikati ya mwezi wa tisa. Mmea unahitaji wiki sita kushika kabla ardhi haijaganda. Ukichelewa, ardhi inaganda na kuyeyuka, inaganda na kuyeyuka, na kila mara inausukuma mmea juu mpaka kitako kinakaa nje. Dawa yake ni matandazo mazito yanayowekwa baada ya ardhi kuganda. Lengo ni kuiacha igande ibaki hivyo hivyo, wala si kuipasha joto.

Mbolea: pima udongo kwanza. Bila kipimo, NPK 10-10-10 gramu 50 kwa mita ya mraba majani yanapoanza kuchipua, inatosha mwaka. Asidi ya udongo, pH kati ya 6 na 6.5, ndiyo wanayoipenda ingawa si wagumu sana.

---

Bayou_Kijani, Houston

Wakuu, ushauri wa Minnesota, jimbo la Minneapolis, mkiuleta Houston mnatupoteza, kwa hiyo niweke ya kwetu.

Hapa za kulala nyingi zinanyauka polepole. Mwaka wa kwanza zinachanua kwa akiba waliyokuja nayo, wa pili feni tatu zinakuwa mbili, wa tatu hakuna kitu. Hazikupata baridi ya kutosha kulala sawasawa, basi zinaamka zimechoka. Chagua Ev na Sev. 'Joan Senior', 1977, ni Ev na ndiyo nyeupe ya kuaminika, ingawa kusema kweli hakuna deilili nyeupe pe. Hiyo ni maziwa yenye koo la kijani. 'Strawberry Candy' ni Sev, waridi yenye jicho jekundu.

Udongo wetu mfinyanzi mweusi hautoi maji. Usichimbe shimo kwenye mfinyanzi ukalijaza mboji, umetengeneza beseni. Inua tuta sentimita 20 hadi 25 juu ya usawa wa ardhi na upande juu yake.

Kuhamisha na kugawa: Oktoba na Novemba, au Februari hadi Machi. Julai na Agosti usiguse. Kidonda kwenye kitako, joto la nyuzi 35 na unyevu, hapo kuoza ni suala la siku. Utagundua pale feni ya katikati inapogeuka njano. Ukiivuta inatoka yenyewe na chini yake ni uji wenye harufu mbaya. Ng'oa kichaka chote, kata mpaka ufike nyama nyeupe, osha, kausha kivulini siku moja au mbili, panda sehemu nyingine.

Na kutu. Mama Kitalu, wewe unaielewa zaidi, itaje.

---

MamaKitalu, Maryland

Kutu ya deilili ni kuvu, Puccinia hemerocallidis. Marekani iligunduliwa mwaka 2000 na ikasambaa haraka kwa sababu mimea husafiri kwa posta. Wengi wanaichanganya na ugonjwa wa michirizi ya majani, na tiba ni tofauti, kwa hiyo fanya hivi: chukua karatasi nyeupe ya shashi, ikunje kwenye jani, ivute toka chini hadi nchani ukibana upande wa chini wa jani. Ikitoka na mstari wa rangi ya chungwa, kama umepangusa manjano ya kupikia, hiyo ni kutu. Ikitoka safi na jani lina mchirizi wa njano unaofuata mshipa wa kati kuanzia nchani kushuka, na katikati yake kahawia, hiyo ni michirizi. Michirizi inaharibu sura tu. Toa majani mabaya, acha kumwagilia kwa juu, endelea na maisha.

Kutu inahitaji jani lililolowa kwa saa tano au sita mfululizo na joto la wastani, nyuzi 22 hadi 24 ndiyo raha yake. Inaishi kwenye jani bichi tu. Ndiyo maana Minneapolis majani yakifa kwa baridi nayo inakufa, na ikirudi imeletwa na mmea mpya. Houston majani ya Ev hayafi, basi inavuka mwaka. Kwa hiyo ule ule uzuri wa Ev ndio mlango wa kutu.

Ukiikuta: kata majani yote ubakize sentimita 8 juu ya ardhi, yafunge kwenye mfuko uyatupe, usiyatie kwenye mboji. Majani mapya yakifika sentimita 10 nyunyiza dawa ya kuvu ya azoksistrobini, na zamu inayofuata utumie ya propikonazoli, kwa kipimo cha lebo ya chupa uliyonayo. Usirudie kundi moja la dawa zamu zote, kuvu litazoea. Dawa hizi zinalinda jani safi, hazilisafishi lililokwisha kuwa na vumbi. Mkasi uchovye kwenye jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kati ya kichaka na kichaka. 'Pardon Me', nyekundu ndogo nzuri sana, inajulikana kwa kushikwa na kutu vibaya. Kwa kusini iache.

Mmea wowote mgeni, wa duka au wa jirani, kata majani, osha mizizi, utenge miezi miwili mbali na wenzake.

---

Ukungu_Limuru, Kenya

Dada MamaKitalu shikamoo. Huku kwetu mita 2,200 juu ya bahari, usiku baridi, ukungu asubuhi, lakini udongo haugandi. Kwenye vitalu vya barabarani zinauzwa za machungwa na za njano bila jina. Tunaangukia upande wa Houston au wa Minnesota? Na je, naweza kupakia feni kwenye begi nikitoka Marekani?

---

MamaKitalu, Maryland

Marahaba. Upande wa Houston kwa majani, ila joto lenu ni la upole zaidi. Hakuna majira ya baridi ya kuzilaza, mchana ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo Ev na Sev. Msitegemee mwezi mmoja wa maua kama wenzetu wa kaskazini. Kutakuwa na mawimbi, na wimbi linafuata maji, hivyo panda mwanzo wa masika au wa vuli mvua ikusaidie kushikisha mizizi.

Ukungu wenu ndio hatari. Jani linalowa toka usiku hadi saa nne asubuhi. Kutu ikiingia hapo imefika nyumbani. Panda sentimita 60 badala ya 45 upepo upite, usipande chini ya miti, na pangusa majani kwa shashi kabla hujalipia mmea.

Mbolea ya dukani kwenu ni 17-17-17: gramu 30 kwa mita ya mraba ni karibu sawa na ile 50 ya 10-10-10. CAN, ile mbolea ya nitrojeni ya mahindi, iacheni shambani. Nitrojeni nyingi inaleta majani laini ya kijani kilichokolea, vidukari wanajaa kwenye shingo, na matumba hayatoki.

Ile ya machungwa isiyo na jina chunguza. Inawezekana kabisa ni Hemerocallis fulva ya zamani, ile inayoota kwenye mitaro ya Marekani. Chimba pembeni: kama inatoa mashina meupe yanayotambaa chini ya udongo na kuibuka sentimita 20 au 30 mbali na mama, ndiyo hiyo. Inafaa kushika udongo kwenye mteremko. Kitandani itameza kila kitu, na kipande cha shina kilichobaki kinaota upya. Majimbo kadhaa huku yanaihesabu mmea vamizi. Ajabu ni kwamba haizai mbegu: ina seti tatu za kromosomu, kwa hiyo safari yake yote kuzunguka dunia imefanywa kwa majembe ya watu.

Begi, hapana. Mmea hai kuingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea la Kenya, kinachotolewa kabla mmea haujasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Mizizi iwe imeoshwa, bila chembe ya udongo. Ukikamatwa bila karatasi unateketezwa mmea.

---

Saa_Saba_Dar, Tanzania

Na sisi wa pwani?

---

Bayou_Kijani, Houston

Mkuu, inawezekana, mradi usiwe na tamaa. Florida ya kusini wanaotesha, ila ni Ev tupu, tuta lililoinuliwa, mchanga na mboji, jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa saba. Usigawe kichaka kwenye joto la Januari na Februari. Subiri Juni au Julai. Ukiona baada ya mwaka majani ni membamba kuliko ulivyonunua, usiongeze mbolea, pale pamekataa. Krinumu, ua la tunguu, itakupa maua makubwa zaidi Dar bila kukuomba chochote.

---

Leicester_Mvua, Uingereza

Huku Uingereza tuna mdudu ambaye Marekani wengi hawamjui, inzi mdogo Contarinia quinquenotata. Yuko hapa tangu 1989. Jike hutaga kwenye matumba machanga kuanzia mwezi wa tano. Tumba lililoshikwa linavimba, linakuwa fupi na nene, petali zinakunjamana, halifunguki. Likate kwa kucha: ndani kuna majimaji na funza weupe wa milimita 2 au 3, wakati mwingine kwa makumi.

Dawa haiwafikii humo ndani. Pitia kichaka kila siku mbili, chuma kila tumba nene lisilolingana na wenzake, funga kwenye mfuko, weka kwenye pipa la taka. Usitupe chini wala kwenye mboji, maana funza huingia udongoni na kutoka mwaka unaofuata. Ukitaka kukwepa kabisa, chagua aina za ML na L zinazochanua kuanzia katikati ya mwezi wa saba. Wakati huo inzi ameshamaliza kutaga. 'Stella de Oro' kwa hiyo huku ndiyo inayoumia, hasa wimbi lake la kwanza.

---

Baridi_Kali, Minneapolis

Swali la haraka, nina paka wawili ndani. Na nimesikia maua haya yanaliwa.

---

JembeUma, Ohio

Paka: hapana, hapana. Deilili na yungiyungi vyote vinaua figo za paka, na si kwa kula tu; chavua iliyomwagika kwenye manyoya akajilamba inatosha. Usilete ua ndani ya nyumba, na kama paka wanatoka nje, panda kitu kingine. Akila, daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usisubiri dalili.

Watu: Wachina hukausha matumba ya H. citrina na kuyaita sindano za dhahabu, yanaingia kwenye supu. Nunua hayo ya dukani yaliyokaushwa. Tumba la kitanda kilichopigwa propikonazoli si mboga.

---

Ukungu_Limuru, Kenya

Mgawanyo wa kichaka ufanyike vipi? Na maua yaliyonyauka, nayavuta tu?

---

JembeUma, Ohio

Ua kwanza. Jioni linajikunja, kesho yake ni kama jeli, na linagandamana na tumba la jirani likalizuia kufunguka. Usivute petali. Chini ya ua, pale linaposhika bua, kuna kinundu cha kijani. Hicho ndicho kitakachokuwa mbegu. Shika chini ya kinundu, kivunje kwa pembeni, kinaita "tak". Ukiacha kinundu mmea unapeleka nguvu kwenye mbegu badala ya bua linalofuata. Bua likiisha matumba yote, likate chini. Likishakauka kabisa linang'oka kwa mkono.

Kugawa: kila miaka mitatu hadi mitano, au pale katikati ya kichaka panapobaki majani bila mabua. Kata majani yabaki sentimita 15. Zungusha jembe uma sentimita 20 nje ya kichaka, inua kutoka pande zote, usikate kwa sururu kutoka juu. Osha kwa mpira wa maji mpaka uone vitako. Feni zimeshikana kama vitunguu saumu. Tikisa mbele na nyuma, nyingi zitaachana zenyewe. Zilizokataa, tia jembe uma mbili mgongo kwa mgongo uzitanue. Kisu kiwe cha mwisho, na kipite kwenye jiki. Acha feni mbili au tatu pamoja. Feni moja moja inawezekana, ila utasubiri mwaka mzima zaidi kuona ua.

---

Bayou_Kijani, Houston

Kuhusu mbegu, kabla hajauliza mtu: mbegu ya aina yenye jina haitoi aina hiyo. Unachopata ni mtoto asiyefanana na mama. Ukitaka kuzalisha kwa kujaribu, asubuhi chukua chavua kavu kwenye stameni moja (kijiti chenye chavua), pakaza kwenye ncha ya pistili (kijiti kirefu kisicho na chavua) ya ua la mmea mwingine, funga uzi wenye maandishi. Diploidi (kromosomu 22) kwa diploidi, tetraploidi (kromosomu 44) kwa tetraploidi. Ukichanganya 22 na 44, kibumba (ganda la mbegu) kinaanguka baada ya siku chache. 'Stella de Oro' ni diploidi, 'Strawberry Candy' ni tetraploidi, hao hawazai pamoja. Kibumba kinaiva siku 50 hivi na kupasuka nchani, mbegu ni nyeusi zinazong'aa. Wiki nne hadi sita kwenye friji ndani ya shashi yenye unyevu, kisha sentimita 1 ndani ya udongo. Ua la kwanza mwaka wa pili au wa tatu.

Na wale wanaouza mbegu za "deilili ya bluu" mitandaoni ni wezi. Deilili ya bluu haipo. Zipo zenye jicho la zambarau lenye majivu, lile la bluu la anga ni kompyuta.

---

Ukungu_Limuru, Kenya

Kwenye bua moja pametokea kijimea chenye majani, kati ya bua na jani dogo lililolizunguka. Ni ugonjwa?

---

MamaKitalu, Maryland

Si ugonjwa, ni bahati. Hicho ni kitoto cha bua, na kinatokea mara nyingi zaidi kwenye Ev. Tofauti na mbegu, hiki ni mama yule yule kabisa. Kiache mpaka bua lianze kukauka au uone chini yake vinundu vya mizizi. Halafu kata bua sentimita 5 chini yake na sentimita 2 juu yake. Kipande cha chini usikitoe, ndicho msumari wa kukishikilia: kichomeke kwenye chungu chenye udongo na mchanga nusu kwa nusu, hadi kitako cha kitoto kiguse udongo bila kuzama. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu usiotiririka. Baada ya wiki tatu kivute taratibu. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi.